Profesa Perold na mbegu nne za zabibu zilizonusurika kutupwa

WAKULIMA wa zabibu wa Mpunguzi, Mbabala, Hombolo na Makutupora mkoani Dodoma hukutana na swali moja kila wanapotaka kuongeza ekari: wapande aina gani? Swali hilo ni la fedha. Ukishachimba mashimo, ukajaza samadi, ukasimamisha nguzo na kuvuta waya, mzabibu unaweza kukaa shambani zaidi ya miaka 20. Aliyekosea mbegu ya mahindi hurekebisha msimu unaofuata. Aliyekosea aina ya zabibu hukaa na kosa lake mpaka watoto wamalize shule.

Wapo waliosikia sifa za pinot noir, zabibu nyeusi ya Ufaransa ambayo baadhi ya mvinyo wake huuzwa kwa bei ya juu kabisa duniani, na wakatamani kuijaribu. Kabla ya kuingiza fedha huko, ni vizuri kumfahamu mtu mmoja aliyeishughulikia zabibu hiyo hapa hapa Afrika karibu miaka 100 iliyopita. Huyo ni Profesa Abraham Izak Perold wa Afrika Kusini. Alifariki mwaka 1941, lakini zabibu aliyoipata kwa kuchanganya pinot noir na zabibu nyingine sugu bado inavunwa kila mwaka, na mvinyo wake umeipa nchi yake jina duniani.

Mtoto wa wakati wa balaa

Perold alizaliwa mwaka 1880 katika koloni la Cape, wakati huo likiwa chini ya Waingereza. Alipokuwa mtoto mdogo, mwaka 1886, mashamba ya mizabibu ya Cape yaligundulika kuingiwa na filoksera, mdudu mdogo kama kidukari anayefyonza mizizi mpaka mzabibu unakufa. Mdudu huyo asili yake ni Marekani na alikuwa ameshaangamiza mashamba makubwa ya Ufaransa. Hakuna dawa iliyomshinda. Dawa ilikuwa kubebesha: mkulima anachukua shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake inamvumilia mdudu huyo, kisha juu yake anaunga kikonyo cha zabibu anayoitaka.

Kwa hiyo wakulima wa Cape walilazimika kung'oa na kupanda upya. Katika kupanda upya wengi walikimbilia aina zinazozaa sana, hasa ile waliyoiita Hermitage, ambayo Wafaransa huiita cinsaut. Zabibu ikawa nyingi kuliko soko. Mwanzoni mwa karne ya 20 bei ilianguka na wapo wakulima waliomwaga mvinyo wao mitoni kwa kukosa wa kumuuzia. Mkulima wa Dodoma aliyewahi kuona zabibu zikikauka shambani kwa kukosa mnunuzi anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Perold hakuanza na zabibu. Alianza na kemia. Alisoma Stellenbosch, akamaliza shahada yake ya kwanza mwaka 1901, kisha akaenda Ujerumani ambako mwaka 1904 alipata shahada ya udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Halle. Akiwa Ulaya alitembelea maeneo ya mizabibu na kujifunza kazi ya shamba na ya kiwandani. Aliporudi nyumbani alifundisha kemia kwa muda, lakini serikali ilimwona kuwa mtu wa kufaa kwa kazi nyingine: kutafuta aina za zabibu zinazoweza kuifaa nchi.

Alikusanya aina 177. Moja kati yake ni Barlinka, zabibu nyeusi ya kula mezani aliyoitoa Algeria, nchi ya Kiafrika yenye joto na ukame. Barlinka ilikuja kuwa moja ya zabibu muhimu ambazo Afrika Kusini ilisafirisha kwa meli kwenda Ulaya. Tangu mapema, basi, Perold alikuwa na tabia ya kutafuta mche mahali panapofanana na kwao, bila kujali kama mahali hapo pana sifa kwenye orodha za mvinyo au hapana.

Mwaka 1917 aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa mvinyo hapo Stellenbosch. Mwaka uliofuata, 1918, wakulima waliochoshwa na bei mbovu waliunda ushirika wao ulioitwa KWV, ambao baadaye ulipewa nguvu na sheria ya kupanga bei na kununua ziada. Mambo hayo mawili, chuo cha kutafuta mche bora na ushirika wa kulinda bei, yalikua sambamba. Perold aliyatumikia yote mawili.

Zabibu mbili zisizofanana

Pinot noir ni zabibu ya kaskazini. Kwao ni Burgundy, Ufaransa, mahali penye baridi kali wakati wa kipupwe na kiangazi cha joto la wastani. Huchipua mapema na kuiva mapema. Ngozi yake ni nyembamba na punje zake zimebanana kwenye kishada, hivyo unyevu ukiingia katikati uozo huanza haraka. Ikipata joto kubwa huiva upesi mno, sukari inapanda, ukali wake unapotea, na harufu iliyoipa sifa haipatikani. Mahali pake ikikubali hutoa mvinyo wenye rangi isiyokolea, unaopitisha mwanga kwenye glasi, wenye harufu ya matunda madogo mekundu kama stroberi na forosadi, na ulaini mdomoni. Wanunuzi hulipia ulaini huo.

Cinsaut ni kinyume chake. Ni zabibu ya kusini mwa Ufaransa, iliyozoea jua na ukame. Inazaa sana, inahimili upepo, na haimsumbui mkulima. Mvinyo wake ni wa kawaida, unanyweka, lakini wakati ule haukuwa na jina kubwa.

Mwaka 1925 Perold aliamua kuzioanisha. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Ua la mzabibu lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, na likiachwa hujichavusha lenyewe. Mtaalamu hulifungua kabla ya wakati, huondoa sehemu za kiume kwa kibano kidogo, hulifunika kwa mfuko, kisha huleta chavua ya zabibu nyingine na kuipaka. Punje zikikomaa hutolewa mbegu. Kila mbegu ni mtoto tofauti, kama watoto wa nyumba moja ambao mmoja humfuata baba, mwingine mama, na mwingine hafuati yeyote. Ndiyo maana mkulima hapandi zabibu kwa mbegu bali kwa vipando: mbegu itampa kitu asichokijua, kipando kitampa mzabibu ule ule aliokata.

Kutokana na kazi hiyo Perold alipata mbegu nne tu. Hakuzipeleka kwenye shamba kubwa la majaribio. Alizipanda kwenye bustani ya nyumba aliyokuwa akiishi, katika eneo la chuo liitwalo Welgevallen. Wakati huo huo alikuwa akimalizia kitabu kikubwa cha kilimo cha mizabibu, kilichotoka kwa Kiafrikana mwaka 1926 na kwa Kiingereza mwaka 1927. Baada ya hapo aliacha chuo na kwenda Paarl kuwa mtaalamu mkuu wa mvinyo wa KWV.

Bustani yafyekwa

Alipohama, nyumba ile ikabaki tupu. Majani yakaota, na mizabibu minne michanga ikafunikwa humo ndani. Haikuwa na kibao wala namba. Uongozi wa chuo ukatuma vibarua wakafyeke na kusafisha bustani.

Hapo ndipo hadithi nzima ingeweza kuishia. Lakini mhadhiri kijana aliyeitwa Charlie Niehaus, ambaye alikuwa na habari za miche ile, alikuwa akipita na baiskeli yake. Aliona kazi ya kufyeka inaanza, akaingia, akaiokoa miche. Ikapelekwa kwenye chuo cha kilimo cha Elsenburg, karibu na Stellenbosch.

Mwaka 1935 Profesa C. J. Theron, aliyeshika nafasi ya Perold, aliibebesha juu ya mashina yenye mizizi ya Kimarekani. Perold alikuwa na mazoea ya kuwatembelea wenzake wa zamani, na katika ziara hizo Theron alimwonyesha mizabibu ile. Wakaiangalia mmoja mmoja jinsi inavyokua na kuzaa, wakachagua uliofanya vizuri kuliko mingine, na huo ndio ukazalishwa kwa vipando. Kwa hiyo kila mzabibu wa aina hiyo unaoonekana leo umetokana na mmoja kati ya ile minne ya bustanini.

Ilibaki kuupa jina. Walichukua mwanzo wa neno pinot na mwisho wa neno Hermitage, wakapata Pinotage. Mvinyo wa kwanza wa zabibu hiyo ulitengenezwa Elsenburg mwaka 1941. Mwezi Desemba mwaka huo huo Perold alifariki. Hakuliona shamba kubwa la biashara la Pinotage, wala chupa yenye jina hilo ikiuzwa dukani.

Waliokuja baada yake

Mwaka 1959 mvinyo wa Pinotage kutoka shamba la Bellevue ulishinda zawadi kubwa katika maonyesho ya mvinyo ya Cape. Mwaka 1961 chupa za kwanza zenye neno Pinotage kwenye lebo, chini ya jina la Lanzerac, ziliingia sokoni. Ukihesabu kuanzia mbegu za 1925, ni miaka 36.

Hata baada ya hapo njia haikunyooka. Miaka ya 1970 wataalamu wa Uingereza walipoionja Pinotage waliisema vibaya. Ilikuwa na harufu iliyofanana na rangi ya kucha, nyingine ilinuka ndizi kupita kiasi. Tatizo kubwa lilikuwa mikononi mwa watu: mizabibu iliyoachwa izae mno, na uchachushaji wa haraka kwenye joto lisilodhibitiwa. Baadhi ya wakulima waliing'oa. Wengine walikaza uzi, wakapunguza vishada, wakavuna kwa wakati na kupoza matangi. Mwaka 1991 Beyers Truter wa shamba la Kanonkop alitangazwa mjini London kuwa mtengenezaji bora wa mvinyo wa mwaka kimataifa, kwa mvinyo wake wa Pinotage. Leo Pinotage nzuri ina rangi nzito, ladha ya zambarau zilizoiva na moshi kidogo, na haifanani sana na pinot noir aliyeizaa.

Pinot noir yenyewe nayo ilipata mahali Afrika Kusini, lakini mahali pake mwenyewe. Mwaka 1975 Tim Hamilton Russell alinunua ardhi katika bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na Hermanus, ambako upepo wa baridi wa baharini hupooza mashamba. Wageni wanaotaka kuonja pinot noir ya Kiafrika huenda huko. Wanaotaka Pinotage hubaki Stellenbosch, penye joto zaidi. Nchi ni moja, lakini kila zabibu ina nyumba yake.

Lipo jambo ambalo maandishi ya sifa huwa yanaliruka. Mashamba hayo yaliendeshwa kwa jasho la vibarua Waafrika na machotara, ambao kwa miongo mingi sehemu ya ujira wao ililipwa kwa mvinyo. Mtindo huo uliacha ulevi na maradhi katika familia nyingi za Cape, na madhara yake hayajaisha. Majina ya waliopogoa, waliovuna na waliofyeka bustani ya Welgevallen hayakuandikwa. Anayejifunza kutoka Cape achukue elimu ya mche na kuacha desturi hiyo huko huko.

Dodoma inachukua nini

Dodoma haina historia ndefu kama ya Cape, lakini nayo imekwishaanza safari yake. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana kabla ya uhuru. Leo kituo cha utafiti cha Makutupora, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ndicho chenye dhamana ya utafiti wa zabibu nchini. Aina nyekundu inayojulikana zaidi kwa wakulima imechukua jina la mahali hapo hapo, Makutupora. Nyeupe iliyoshika ni Chenin Blanc, ambayo ndiyo zabibu inayoongoza kwa kupandwa Afrika Kusini pia. Hombolo kuna kiwanda cha CETAWICO, na zipo aina nyingine za Ulaya, kama Syrah, ambazo zimejaribiwa na kukubali.

Uwanda wa kati uko karibu nyuzi sita kusini mwa Ikweta, Stellenbosch iko karibu nyuzi 34. Hapa mzabibu haupati kipupwe cha kuulaza. Mwenye kuulaza na kuuamsha ni mkulima kwa mkasi wake wa kupogolea, na ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja mwanzoni mwa mwaka na tena kati ya Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi huwa safi kwa sababu hakuna mvua ya kuleta ubwiri na uozo. Hiyo ni neema ambayo Burgundy hawana. Lakini zabibu inayodai miezi ya baridi na ngozi yake ni nyembamba, itaiona neema hiyo kuwa adhabu. Mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 hupooza usiku wa Juni na Julai, ila hautoshi kuigeuza Dodoma kuwa Burgundy.

Kwa hiyo mkulima anayetaka kupanua shamba anaweza kufuata njia ya Perold kwa hatua zilizo ndani ya uwezo wake.

Kwanza, aanze na mnunuzi. Kabla ya kununua mche aulize kiwanda au msindikaji wa jirani anahitaji zabibu ipi, ya rangi gani na yenye sukari kiasi gani. Cape ilijaza Hermitage kwa sababu inazaa, ikajikuta haina wa kumuuzia.

Pili, aonje. Mkulima anayelima zabibu ya mvinyo bila kujua mvinyo wake unafananaje anauza kitu asichokijua. Kwa anayekunywa, safari moja ya kiwandani inatosha kumwanzishia: angalia rangi kwenye mwanga, nusa kabla ya kunywa, weka kidogo mdomoni kisha tema. Asiyekunywa anaweza kuonja juisi na punje zenyewe, utamu, ukali na ngozi, akalinganisha za shamba lake na za jirani.

Tatu, ajaribu kidogo. Safu moja ya aina mpya kando ya shamba haimfilisi mtu. Ekari mbili zinaweza. Safu hiyo iwe na kibao chenye jina la aina na tarehe ya kupanda, na daftari la kuandika mavuno na magonjwa. Miche ya Perold iliponea chupuchupu kwa sababu haikuwa na kibao.

Nne, achukue miche mahali panapojulikana. Vipando visivyo na historia huleta magonjwa, na kusafirisha vipando kutoka nje kwenye begi ni hatari kwa mkoa mzima. Sheria inataka kibali na ukaguzi, na mwenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Filoksera ilifika Ufaransa pamoja na miche iliyotoka Marekani.

Tano, wasiache bei peke yake. Mche bora haukuwaokoa wakulima wa Cape mpaka walipokuwa na chombo cha kununua ziada. Kwa Dodoma chombo hicho ni chama cha ushirika chenye matangi ya kuhifadhi mchuzi wa zabibu, ili mavuno yanapokutana na kiwanda kilichojaa yasiozee shambani.

Perold alikuwa profesa, alikuwa na maabara na alitembea nchi nyingi. Pamoja na hayo kazi yake ingefyekwa na kuchomwa pamoja na majani kama kijana mmoja asingekuwa anajua kilichopandwa pale. Katika mashamba ya Dodoma nako ipo mizabibu ambayo wenyewe wameona inahimili ukame kuliko mingine, au inakomaa mapema, au haishikwi na ubwiri. Mwenye mzabibu wa namna hiyo aufunge kitambaa leo, aandike alichokiona, na msimu wa kupogolea ukifika achukue vipando vyake avipeleke kwa bwana shamba au Makutupora vikaangaliwe.